Ukuta Mwekundu wa Nyumba Nyembamba

Nyumba ya Vanessa ilikuwa na upana wa mita nne, kuta zikiwemo, na urefu wa mita thelathini. Kabla hata haijapigwa plasta, mji wa Baraka, wa kando ya ziwa, ulikuwa umeshaipa majina. Wengine waliiita Bomba, wengine Treni. Mama mkwe wa Vanessa, mtu ambaye hakuwahi kumeza neno lililomfika mdomoni, alisimama mlangoni siku bati la mwisho lilipogongwa msumari akasema kwamba mwanawe amejenga njia nzuri sana ya kupitia, sasa kilichobaki ni kutafuta nyumba ya kuifikia.

Lakini nyumba ina kosa gani? Kiwanja cha marehemu baba mkwe kilikuwa kipana cha kutosha mpaka watoto wake watano walipokigawana kwa kamba. Kila mmoja alitaka kipande chake kiguse barabara kubwa mbele na kione ziwa nyuma. Hakuna aliyekubali kubaki na ziwa bila barabara, wala barabara bila ziwa, kwa hiyo wakakikata vipande virefu vitano kama mkate. Wanne waliuza au waliacha nyasi ziote. Roger, mume wa Vanessa, muuza simenti, akajenga chake. Sebule, chumba cha kulia, vyumba vitatu vya kulala, jikoni, vyote vikafuatana mgongo kwa mgongo, na ubavuni ujia ambao watu wawili walioshiba hawawezi kupishana bila kuombana radhi.

Ndipo Vanessa alipomkimbilia Rosette.

Rosette alikuwa fundi wa rangi, mwanamke pekee mjini aliyepanda ngazi na kushika rulo. Alikuwa amepaka vibanda vya vinyozi, duka moja la dawa, na madarasa mawili ya shule kule juu Fizi. Watu walimpa kazi ndogondogo na kumwita "ule mama wa rangi", kisha wakiwa na kazi kubwa wakaenda kumtafuta mwanamume. Mume wake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta dhahabu Misisi, akapata huko dhahabu nyingine yenye nywele za kusuka, na Rosette akabaki na watoto wawili na ngazi yake.

Kazi ile alifundishwa na mama yake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, upande wa pili wa ziwa, walikokimbilia wakati wa vita. Nyumba za kambini zilikuwa za udongo, nyembamba, na mama huyo alizisiriba kwa udongo mwekundu, majivu na makaa ya kusagwa, mpaka anayeingia anahisi anaweza kupumua. Vanessa alikulia ndani ya nyumba ya mama huyohuyo. Alikuwa amefika kambini peke yake, ana miaka saba, na karani alipouliza mtoto huyu ni wa nani, mama yake Rosette alisema ni wangu. Miaka kumi na mmoja wasichana wale walilala mkeka mmoja. Walirudi Baraka kwa boti moja. Vanessa akaolewa vizuri, Rosette akaolewa ilimradi kaolewa, na bado walikuwa wakiitana dada.

"Ona, Rozi," Vanessa alisema siku ile ya kwanza, akiwa katikati ya sebule tupu iliyopakwa nyeupe kote. "Nimejenga corridor. Mama-mukwe anacheka. Batu batakuya ku fête ya kubariki nyumba, mi nitabaweka wapi?"

Rosette alitembea mpaka mwisho wa sebule, akarudi. Hatua kumi na moja kwenda, hatua kumi na moja kurudi. Akagusa ukuta kwa kiganja.

"Nyumba haiko mubaya," akasema. "Balipaka blanc kila pahali, njo maana inafanana corridor ya hôpital. Unipatie wiki sita. Na usinikataze rangi."

"Sikukataze kitu. Lakini bei, dada, tutaongea je? Mi na we tunaweza kuuziana?"

Hapo Vanessa akamshika mikono yote miwili na kumwahidi jambo lililokuwa kubwa kuliko bei. Katika ukoo wa Roger, siku ya kubariki nyumba mpya, mwenye nyumba huwaita mafundi mmoja mmoja kwa majina mbele ya wageni, kila mmoja anasimama, anapigiwa makofi na kuvishwa kitenge mabegani. Asiyeitwa ni kama hakufanya kazi, au aliiba simenti. Vanessa aliapa kwamba Rosette ataitwa wa mwisho, mahali pa heshima. Na kati ya wageni angekuwepo Bonaventure.

Bonaventure alikuwa anajenga hoteli ya wageni kandokando ya ziwa. Alitaka kila chumba kipate dirisha la kuona maji, na kiwanja chake hakikutosha tamaa hiyo, kwa hiyo alikuwa na vyumba kumi na sita, vyote vyembamba, vyote vinafanana na sanduku la kiatu. Kazi ile ilikuwa ya mwaka mzima. Zaidi ya hapo, ilikuwa jina. Fundi atakayepaka vile vyumba hataitwa tena kwenye vibanda vya vinyozi. Rosette hakulala vizuri usiku huo, kwa furaha.

Akaanza kazi. Wekundu aliutoa mwenyewe kwenye ukingo wa barabara inayopanda Fizi, mahali mlima ulipokatwa na udongo unatoka kama damu ya ng'ombe. Aliuchekecha kwa kitambaa mara tatu, akauchanganya na rangi ya maji na gundi, akaujaribu kwenye vipande vya mbao na kuvianika juani. Dukani rangi nyekundu ilikuwepo, lakini ilikuwa nyekundu ya kupiga kelele, nyekundu ya matangazo ya simu. Ya kwake ilikuwa na uzito. Aliipaka kwenye ukuta wa mwisho wa sebule, ule mfupi, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, na kuta ndefu za pembeni akazipa rangi ya maziwa.

"Juu ya nini usipake kote?" Vanessa aliuliza, mkono kifuani. "Ama uache kabisa. Rozi, hii rouge itaua mutu."

"Ukuta ya mwisho ikiwa na giza, inasogea. Inakuya karibu. Chumba kinaacha kuwa njia ya kupita, kinakuwa pahali pa kukaa. Ukipaka kote, utaona uko mu koo ya samaki."

Ujiani alipaka njano kali kuanzia kiunoni kwenda chini, juu akaacha peupe, ili macho yasipande kutafuta nafasi ambayo haipo. Chumba cha kulala kirefu kupita vyote alikigawa kwa rangi bila kujenga ukuta: nusu ya kitanda ikawa kijani ya sombe, majani ya muhogo, nusu ya kabati ikawa rangi ya mchanga, na ukisimama mlangoni ungeapa ni vyumba viwili vya mraba. Viti vya sebuleni alivipanga upande mmoja tu, vifupi. Chumba chembamba hakitaki uone haya kwa niaba yake, ndivyo alivyokuwa akiamini. Kinataka rangi moja yenye ujasiri mahali pake, basi.

Siku mkono wa tatu wa wekundu ulipokauka, Vanessa aliingia, akakaa chini sakafuni na kulia. Alilia kwa furaha, midomo inatetemeka, anasema haiko nyumba yangu hii, haiko nyumba yangu. Walikula ndagala na bugali palepale sakafuni, mikono katika sahani moja, wakicheka mambo ya kambini. Rosette aliikumbuka siku ile baadaye kuliko siku nyingine yoyote, na kila alipoikumbuka alijiuliza kama Vanessa alikuwa ameshapanga wakati ule, au bado.

Wiki moja kabla ya sherehe kitenge kutoka kwa Vanessa kilifika, kimefungwa kwenye mfuko. Watu wa Baraka wanajua kusoma vitenge kuliko wanavyojua kusoma magazeti. Kwenye arusi, kwenye msiba, kwenye kubariki nyumba, mwenye shughuli anagawa vitambaa, na rangi ya kitambaa chako ndiyo inayokuambia wewe ni nani siku hiyo. Rosette alifungua mfuko akaona njano. Njano kali, sawasawa na ile aliyoipaka ujiani. Akatabasamu peke yake. Kwake maana ilikuwa wazi kabisa: Vanessa amenichagulia rangi ya mkono wangu, ili nikisimama, kila mtu aone kuta na fundi wake wamevaa nguo moja.

Alikipeleka kwa fundi cherehani bora, yule wa karibu na soko. Akashonewa mabega ya juu na mikono mipana inayoshuka kama pazia. Siku ya sherehe alipita barabarani polepole, na jirani mmoja akamuuliza kama ni yeye bibi arusi.

Mlangoni pa Vanessa wageni walikuwa wamevaa buluu. Buluu yenye ndege wa dhahabu, wanawake kwa wanaume. Mama mkwe, mashemeji, mke wa mchungaji, wote buluu. Rosette aliangaza macho kutafuta njano. Aliiona kwa mbali, nyuma ya nyumba, kupitia ujia wake mwenyewe: wanawake sita, wote njano, wamekaa kwenye vigoda na visu mkononi, wanamenya ndizi.

"Karibu, mwenzetu," alisema mmoja wao, Mama Bukuru, mkimbizi kutoka Burundi anayejulikana kwa kupikia arusi. Akamtazama mabega, akatazama mikono ile mipana. "Umeshona vizuri sana. Sasa utamenya ndizi namna gani?"

"Mi siko wa kupika," Rosette alisema.

"Mama, buluu ni ya salon, kwa wageni. Njano ni ya huku." Mama Bukuru hakusema kwa ubaya. Alimsogezea kigoda.

Rosette aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alisema moyoni kwamba ni kosa la mgawaji, vitambaa vimechanganywa. Akarudi ujiani kumtafuta Vanessa, akamkuta anatoka chumbani, amependeza, ndege wa dhahabu kifuani.

"Rozi, dada," Vanessa alisema haraka, macho yakiwa mahali pengine. "Batu beko bengi kuliko vile nilifikiria. Unisaidie kidogo tu huko nyuma. Nitakuita. Wakati ikifika nitakuita."

Na Rosette akakubali. Ndivyo alivyokuwa: ukimwambia nitakuita, atasubiri. Akakunja ile mikono mipana mpaka kwenye viwiko na kumenya ndizi.

Nyumba nyembamba haifichi sauti. Kutoka jikoni alisikia kila kitu kama yuko mbele. Alisikia mchungaji akiombea milango na madirisha. Alisikia wageni wakipitishwa chumba kwa chumba, na kila mlango ulipofunguliwa, ule mguno wa watu walioona wasichokitegemea. Mwanamke mmoja alisema hapa ni kama nje ya nchi. Mama mkwe mwenyewe, yule asiyemeza neno, alikaa kimya muda mrefu halafu akasema kwamba ameshindwa, nyumba ni nyumba. Rosette alicheka kimyakimya, machozi karibu. Hakuna malipo aliyowahi kupata yaliyofanana na kimya cha yule bibi.

Kisha Vanessa akaanza kuita mafundi. Placide, mwashi, makofi, kitenge. Seremala, makofi, kitenge. Aliyeezeka bati. Rosette alinawa mikono, akashusha mikono ya nguo, akajikung'uta maganda, akaenda kusimama mwisho wa ujia. Mama Bukuru alimtazama akiwa na ndizi mkononi.

"Na sasa rangi," sauti ya Vanessa ilisema. "Batu bote banauliza rangi. Hii haikukuya kutoka hapa. Ilibidi tutoe mutu Bujumbura. Ni shemeji yangu mwenyewe, Guy. Guy, simama."

Guy alikuwa mdogo wake Roger. Aliuza simu Bujumbura na alikuwa amefika juzi, mkoba begani. Alisimama huku akijifanya ana aibu. Makofi yale yalikuwa marefu kuliko ya mafundi wote, na watu wakainua simu zao kumpiga picha mbele ya ukuta mwekundu.

Rosette hakuanguka, hakupiga kelele. Alisimama tu. Mtu mmoja aliyetoka jikoni alidhani anangoja kupewa cha kubeba, akamwekea mikononi sinia ya samaki, kuhe wakubwa wa kukaanga, na kumsukuma taratibu mbele. Akajikuta sebuleni. Bonaventure, mtu mzima mwenye tumbo na sauti ya upole, alikuwa amemshika Guy bega.

"Uniambie kitu moja," Bonaventure alikuwa anasema. "Hii rouge, juu ya nini uko nayo pale mwisho tu? Mi ningeweka kote."

Guy aliutazama ukuta kana kwamba umemwuliza yeye kwa jina. "Ni système ya Dubai, papa. Rouge inaita pesa. Ukiiweka mwisho, pesa inaingia mpaka ndani."

Watu wakacheka, wakapenda. Rosette alisikia kinywa chake kikifunguka chenyewe. "Apana," alisema, "ni juu chumba ni kirefu, ukuta ya mwisho..."

Vichwa viligeuka. Alimtazama Vanessa. Alimpa nafasi, sekunde moja au mbili, ambazo zilitosha kabisa kusema jina.

"Mama," Vanessa alisema, kwa ile sauti laini ambayo watu wenye nyumba wanaitumia kwa watu wa kazi. "Sinia uiweke pale pembeni. Aksanti."

Rosette aliiweka sinia pembeni. Aliondoka kupitia ujia, akapita jikoni bila kuaga, akaenda nyumbani na nguo ile ya mabega ya juu, na hakuna mtu njiani aliyemuuliza tena habari za arusi. Alichokisikia hakikuwa hasira bado. Ilikuwa kama mtu amemvua ngozi mbele ya watu na watu wakaendelea kula.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Vanessa alikuja. Alileta kopo la rangi iliyobaki na, kwenye mfuko, kitenge cha buluu chenye ndege wa dhahabu. Aliviweka mezani na kukaa bila kukaribishwa.

"Najua unanikasirikia."

"Ungesema jina yangu tu, Vane. Jina moja."

"Unisikilize kwanza." Vanessa alivuta pumzi. "We unajua batu ba hapa. Ningesema ni Rosette, ule wa vibanda, ule alikuwa anasiriba nyumba za udongo ku camp, bangeangalia ile ukuta na macho ya kucheka. Bangesema Vanessa amepaka nyumba yake udongo. Nilisema Bujumbura, ukasikia vile balifanya. Ni rangi ileile, dada. Ni ukuta uleule."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliomuuma Rosette. Wangecheka. Yule mwanamke aliyesema ni kama nje ya nchi angekuwa wa kwanza. Lakini mtu aliyejua hivyo, na akajua pia nani alichekecha udongo ule mpaka vidole vikapasuka, alipaswa kusimama upande gani?

"Tena iko habari nzuri," Vanessa aliendelea, akidhani ameshasamehewa. "Bonaventure amemupa Guy kazi ya hôtel. Na Guy atakuingiza. Utapaka pamoja na yeye. We utamuonyesha tu ni ukuta gani na rangi gani, kimyakimya, bintu byote bitaenda."

"Kimyakimya."

"Njo vile maisha iko, Rozi."

"Nitaenda kwa Bonaventure mi mwenyewe," Rosette alisema. "Leo."

Vanessa alicheza na pete yake kidoleni. Halafu alinyoosha mkono akamshika Rosette kiganja, na macho yake yakalowa kabisa, machozi ya kweli.

"Enda basi. Mi sitakukataza. Na akiniuliza, sitakukana. Mbele ya Mungu, siwezi kukukana we."

Rosette alimwamini. Ukisema alikuwa mjinga utakuwa hukuwahi kulala mkeka mmoja na mtu miaka kumi na mmoja. Alioga, akavaa nguo safi ya kawaida, akachukua moja ya vile vipande vya mbao alivyojaribia wekundu, akapanda pikipiki mpaka kwenye ujenzi.

Bonaventure alimpokea vizuri, akampa kiti cha plastiki chini ya bati. Rosette alieleza yote kwa utaratibu. Alimwingiza kwenye chumba cha kwanza kati ya vile kumi na sita na kumwonyesha kwa mkono ukuta gani unapaswa kusogea na upi unapaswa kukaa mbali, na kitanda kiwekwe wapi ili mgeni asijione yuko kwenye sanduku. Bonaventure aliinamisha kichwa, akafuata, akauliza maswali mawili ya mtu mwenye akili. Rosette aliona kabisa kwamba anaanza kuamini.

"Na hii rouge," Bonaventure aliuliza, akigeuza kipande cha mbao mkononi, "unaitoshaka wapi?"

"Ni udongo ya ku njia ya Fizi, papa. Mi naichekecha."

"Udongo?" Alikitazama kipande upya, akakirudisha. "Guy aliniambia Dubai. Mama, we ni mutu wa tatu anakuya hapa kuniambia njo alipaka ile nyumba. Nitapigia mwenye nyumba simu, tusikie. Hiyo njo haki."

"Piga," Rosette alisema, na akanyoosha mgongo.

Bonaventure aliweka simu juu ya tofali, sauti imefunguliwa ili wote wawili wasikie. Akasalimia, akaeleza: niko na mama moja hapa ku chantier, anaitwa Rosette, anasema njo yeye alipaka nyumba yenu na Guy hakugusa hata brosi, ni kweli?

Ndani ya simu Rosette alisikia redio ikipunguzwa sauti, na sauti nyingine ya mwanamume, Roger labda, ikiuliza ni nani.

"Rosette gani?" Vanessa alisema.

"Rosette. Anasema muliishi pamoja tangu utoto."

"Aaa. Ule." Maneno yakaanza kwenda mbio. "Njo mama alitusaidiaka kupika mu cuisine siku ya fête. Ana roho muzuri, papa, umuhurumie tu. Lakini mambo ya rangi, apana. Rangi ni Guy."

Bonaventure alishukuru, akakata. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu alimhurumia kweli. Alitazama chini, akakohoa kidogo.

"Usisikie haya, mama. Kazi ni nguvu, kila mutu anatafuta. Niko na batu makumi mbili hapa, banakulaka saa sita. Ile mama alikuwa anabapikia amerudi kwao Kazimia. Unajua kupika?"

Rosette alitaka kusema hapana. Alitaka kusema jambo ambalo lingemfanya mzee yule ashike kichwa. Lakini nyumbani kulikuwa na watoto wawili, na vibanda vya vinyozi havipakwi kila mwezi.

"Najua," akasema.

Alianza Jumatatu. Aliweka mafiga nyuma ya chumba cha kumi na sita, na kufikia saa sita bugali ilikuwa imeiva na mafundi wamepanga mstari na sahani zao. Guy alikuwa amefika asubuhi ileile na mapipa ya rangi nyekundu ya dukani. Alikuwa ameingia chumba cha kwanza, akatoka, akaingia tena. Sasa alikuja mpaka jikoni, akasimama karibu sana, akashusha sauti.

"Mama Rosette. Eti ile rouge, hapa tunaweka ukuta gani? Ule wa dirisha ao ule wa mulango?"

Rosette aligeuza bugali kwa mwiko, hakuinua macho. Guy akangoja, akaona hapati jibu, akapiga namba na kumwekea simu sikioni kwa mkono wake mwenyewe.

"Rozi," ilisema sauti aliyoijua kuliko yake. Hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia, kwa hiyo ilikuwa tamu, ilikuwa ya nyumbani. "Rozi, dada yangu. Umuonyeshe Guy ukuta, tafazali. We njo unajua."

Mkono wa Rosette ulisimama juu ya sufuria. Kila kitu ndani yake kilitaka kuitika, kama kilivyoitika maisha yote sauti ile ilipomwita dada. Akaweka mwiko chini, akaitoa simu sikioni na kumrudishia Guy.

"Chukua," akasema. "Huyu mama simujue."

Guy alibaki na simu mkononi, Vanessa bado anaita ndani yake. Rosette akamwambia mtu aliyekuwa mbele ya mstari alete sahani.